Hamira Nayo Ina Tabia Yake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Jinsi ya kuchagua hamira ya bia ya Kiingereza

Mwalimu wa darasa na awe na chaki tayari, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya hamira ya mkate na maandazi. Tulisema kwamba hamira si dawa, bali ni viumbe hai, wadogo sana hata jicho haliwezi kumwona mmoja wao pasipo hadubini. Tulisema tena kwamba hamira ikipata maji, sukari na uvuguvugu, huila ile sukari na kutoa vitu viwili: gesi, ambayo huumua unga, na kileo. Baada ya somo lile darasa moja liliuliza swali zuri: Je, hamira ni moja tu, au ziko nyingi? Na kama ziko nyingi, mtu atajuaje ipi imfae?

Ili kulijibu swali hili nitawapeleka Uingereza, katika nyumba za watu watengenezao bia yao wenyewe. Watu hao huchagua hamira kwa jina, kama mkulima achaguavyo mbegu. Mimi mwenyewe niliyaona hayo nilipokaa katika mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza, nikisomea diploma yangu.

Najua kwamba wengi wenu mmekatazwa pombe na dini zenu. Somo hili si la kumshawishi mtu anywe. Tunatazama kazi ya hamira tu, na atakayelisikiliza atapata faida hata kama kwake hamira ni ya maandazi peke yake.

KISA CHA KIJICHUMBA CHINI YA NGAZI

Nianze na kisa. Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa fundi wa bia za Kiingereza za kale, ambazo wao huziita eli. Siku moja aliniomba nimsaidie. Tulitengeneza lita 20. Hamira aliyonunua safari ile ilikuwa ngeni kwake, ya namna ya London, naye aliichagua kwa sababu rafiki yake alimwambia kwamba bia yake huwa safi upesi kama kioo.

Kweli ilikuwa safi upesi. Siku ya tano bia ilikuwa inang'aa, na hamira yote imelala chini ya chombo. Tulipima, tukaona alama 18. Kesho yake tukapima tena, tukaona 18 ile ile. Mzee akasema, "Imekwisha hiyo, mwanangu. Tazama ilivyo safi." Basi tukatia sukari kidogo ya kuleta povu, tukajaza chupa 40, tukaziba, tukaziweka katika kijichumba chini ya ngazi. Humo ndimo mjukuu wake alimokuwa akiweka viatu vyake vya shule.

Usiku wa siku ya tisa tulisikia mshindo kama wa bunduki. Ukafuata wa pili, na wa tatu. Kabla hakujapambazuka chupa saba zilikuwa zimepasuka. Vigae vya kioo vilikuwa vimechoma mbao za mlango kwa ndani. Kama ingekuwa saa moja ya asubuhi, mtoto angekuwa amepiga magoti pale akifunga viatu.

Je, kosa letu lilikuwa nini? Chupa zilikuwa nzima na nene. Vyombo vilikuwa safi. Sukari tuliipima kwa mizani. Kosa letu ni kwamba tulichagua hamira pasipo kujua tabia yake. Liwekeni neno hili moyoni, tutalirudia.

HAMIRA NDIYO ITENGENEZAYO BIA

Bia ya Kiingereza hutengenezwa hivi. Shayiri huloweshwa mpaka ianze kuchipua, halafu hukaushwa. Hicho ndicho kimea, na ninyi mnaotengeneza togwa mnajua vema jinsi kimea kiletavyo utamu. Kimea hupondwa, hutiwa katika maji ya moto ya nyuzi 65 hivi za Selsiasi, na utamu wake hutoka ukaingia majini. Maji hayo matamu huchujwa, yakachemshwa pamoja na maua ya mmea uitwao hopsi, ambayo huleta uchungu na harufu nzuri. Kisha hupozwa, ndipo hutiwa hamira.

Angalieni basi: mpaka hapo mtu hajatengeneza bia. Ametengeneza maji matamu tu. Hamira ndiyo itengenezayo bia, na mtu ni mtumishi wake.

Watu wa kale hawakulijua jambo hili. Katika karne ya 15 huko Uingereza povu la hamira liliitwa kwa jina lenye maana ya "wema wa Mungu", maana waliona linafanya kazi wasijue ni kwa nini. Mwaka 1871 mtaalamu wa Kifaransa, Louis Pasteur, alikitembelea kiwanda kimoja kikubwa cha bia mjini London, akaitazama hamira yao kwa hadubini. Aliona kwamba imechanganyika na vijidudu vingine viharibuvyo bia. Mwaka 1876 alichapisha kitabu juu ya mambo hayo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, mtaalamu wa kiwanda cha Carlsberg huko Denmark, alifaulu kuotesha hamira safi iliyotokana na chembe moja peke yake. Tangu hapo watu waliweza kutenga ukoo mmoja wa hamira na ukoo mwingine, kama mfugaji atengavyo ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa nyama.

Basi, jibu la swali la darasa lile ni hili: ziko nyingi. Hamira ya bia ya Kiingereza na hamira ya mkate ni za kabila moja, ambalo wataalamu huliita Saccharomyces cerevisiae. Lakini katika kabila hilo mna koo nyingi, na kila ukoo una tabia yake. Katika mji wa Norwich, Uingereza, kuna hazina ya taifa ihifadhiyo koo za hamira zaidi ya 4,000. Mwaka 2016 wataalamu wa Ubelgiji na Marekani walitoa habari za uchunguzi wao wa chembe za urithi za koo 157. Waliona kwamba hamira za bia zimebadilika kwa kukaa na watu muda mrefu, kama mbwa alivyobadilika akaacha kuwa mnyama wa mwituni.

Na mtu wa kawaida je? Kwa miaka mingi Mwingereza aliyetaka kutengeneza bia nyumbani alitakiwa kuwa na leseni. Mwaka 1963 sharti hilo liliondolewa, lakini bila leseni haruhusiwi kuiuza. Leo huenda dukani, akakuta pakiti za hamira zimepangwa rafuni, kila moja na jina lake. Atachukua ipi? Mtu mwenye busara huuliza maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: HULA KIASI GANI?

Maji ya kimea hayana sukari ya namna moja. Iko sukari nyepesi, ambayo hamira zote huila. Iko sukari ya vipande viwili vilivyoshikana, nayo ndiyo nyingi kuliko zote. Tena iko sukari ya vipande vitatu. Hii ya vipande vitatu ni ngumu kwa koo nyingine. Huiacha, na bia hubaki nzito na yenye utamu kidogo. Koo nyingine huila, na bia huwa kavu na nyepesi.

Ili kujua hamira imekula kiasi gani hutumiwa kipimo cha kioo kieleacho katika bia. Katika maji matupu husoma 1000. Katika maji ya kimea yaliyo matamu huweza kusoma 1040. Sisi tutashika zile 40 za mwisho tu, tuziite alama.

Sasa mwalimu aandike ubaoni. Mwanzo, alama 40. Mwisho, alama 10. Toa: zimeliwa alama 30. Thelathini katika arobaini ni 75 katika 100, yaani robo tatu. Na alama 30 zikiliwa, bia huwa na kileo karibu 4 katika 100.

Hamira ya pakiti iitwayo Nottingham hula sana. Bia ya alama 40 yaweza kushuka mpaka 9 au 10. Hamira iitwayo Windsor haili ile sukari ya vipande vitatu, kwa hiyo bia hiyo hiyo yaweza kukomea kwenye 14. Hamira iitwayo Safale S-04 hula karibu robo tatu. Si kwamba moja ni njema na nyingine ni mbaya. Mtu atakaye bia nyepesi ya kumpoza baada ya kazi huchagua ile ilayo sana. Atakaye bia nyeusi, laini, isiyo kali, huchagua ile iachayo utamu. Lakini akitengeneza bia kali yenye sukari nyingi kwa hamira ilayo kidogo, itakuwa nzito kama uji.

SWALI LA PILI: HULALA UPESI AU POLEPOLE?

Hamira ikimaliza chakula chake hushikana mafungu mafungu, ikazama chini. Koo nyingine hushikana upesi sana, na bia huwa safi kwa siku chache. Koo nyingine hukaa zikielea, na bia hubaki na ukungu kwa siku nyingi. Hamira za namna ya London ni mashuhuri kwa kushikana upesi.

Mtu husikia hivyo akasema, "Hiyo ndiyo hamira ninayoitaka." Ngoja kwanza. Hamira ya kulala upesi huweza kulala kabla ya kumaliza kazi, hasa nyumba ikiwa na baridi. Watu wa Yorkshire walilijua jambo hili zamani. Walikuwa na vyombo vya mraba vya mawe, na hamira yao ilikuwa mvivu hivyo hivyo. Kwa hiyo walivuta bia kwa pampu, wakaimwaga juu yake tena, ili kuiamsha hamira. Mtu wa nyumbani hana pampu, lakini aweza kukisukasuka chombo taratibu pasipo kuingiza hewa, na kukisogeza mahali penye joto kidogo.

SWALI LA TATU: HUACHA HARUFU GANI, NA HUTAKA JOTO GANI?

Hamira huacha harufu katika bia. Koo za Kiingereza zapendwa kwa harufu ya matunda, kama ya tofaa au peasi. Windsor huwa na harufu hiyo kwa wingi. Nottingham huwa nayo kidogo tu, na harufu ya kimea na hopsi husikika zaidi. Ziko pia koo ziachazo harufu ya siagi. Harufu hii hamira yenyewe huiondoa ikiachwa na bia siku mbili tatu baada ya kumaliza kula. Mwenye haraka huinywa siagi yake.

Joto huongeza harufu hizi. Koo nyingi za Kiingereza hupenda nyuzi 18 mpaka 20. Joto likipita 24, bia nyingi huwa na ukali unaounguza koo la mnywaji. Tena kumbukeni kwamba hamira ifanyapo kazi hujitia joto yenyewe, kwa hiyo kipimajoto na kibandikwe ubavuni mwa chombo, kisitundikwe ukutani.

Mwanafunzi mmoja huenda akauliza: Je, hamira ya mkate haiwezi kutengeneza bia? Yaweza, maana ni ya kabila hilo hilo. Lakini waokaji waliichagua kwa gesi, ili iumue unga upesi. Hakuna aliyeichagua kwa harufu wala kwa kutua vizuri chini ya chombo. Kumpa kazi hiyo ni kama kumwita mhunzi ashone kanzu.

TURUDI KATIKA KIJICHUMBA

Sasa mwaweza kuliona kosa letu wenyewe. Bia yetu ilianza na alama 40. Tulipima 18. Mwalimu aandike: 40 toa 18 ni 22. Ishirini na mbili katika arobaini ni 55 katika 100. Na hamira ile ilikuwa na desturi ya kula karibu 70 katika 100, yaani kushuka mpaka 12. Alama 6 zilikuwa zimebaki. Hamira haikuwa imemaliza. Ilikuwa imelala kwa baridi ya nyumba ya Leeds.

Kijichumba kile chini ya ngazi kilipitiwa na bomba la maji ya moto. Hamira ikaamka humo ndani ya chupa, ikala kile kilichobaki. Sisi tulikuwa tumetia gramu 5 za sukari kwa kila lita, nazo zatosha. Zile alama 6 zilikuwa ni zaidi ya gramu 10 nyingine kwa kila lita. Kila gramu ya sukari hutoa karibu nusu gramu ya gesi. Gesi haikuwa na mahali pa kutokea. Chupa gani itavumilia?

Watu wengi hufundishwa kwamba alama isipobadilika kwa siku tatu, bia imekwisha. Shauri hilo ni jema, lakini halitoshi, kwa sababu hamira iliyolala nayo haibadilishi alama. Lazima pia mtu aijue hamira yake. Alama 14 ni mwisho wa safari kwa Windsor, lakini kwa Nottingham ni katikati ya njia. Kwa hiyo yataka mambo mawili pamoja: alama iwe imetulia, na iwe karibu na pale hamira hiyo ifikapo kwa desturi. Isipofika, iamshe, itie joto, ungoje. Usitie chupani.

Sasa nitawaambia jambo linalonionea haya. Asubuhi ile, baada ya kuzifunika chupa zilizosalia kwa mablanketi mazito, niliiokota pakiti ya hamira katika kapu la takataka. Nyuma yake palikuwa na maandishi madogo. Yalisema kwamba hamira ile hula karibu 70 katika 100. Yalisema kwamba hulala mapema, na kwamba yafaa kuamshwa na kutiwa joto kabla ya kufungwa chupani. Yote yalikuwa pale. Mzee hakuyasoma kwa sababu alikuwa fundi wa miaka mingi, akaona hana haja. Mimi sikuyasoma kwa sababu nilimtegemea mzee. Nilikuwa mtu wa chuo kikuu, nimekaa na kitabu mchana kutwa, na karatasi iliyoweza kutuokoa nikaitupa kapuni.

Wanafunzi wenzangu, mwajifunza kusoma mkiwa watu wazima, na pengine watoto wenu huwacheka. Msijali. Kujua kusoma ni jambo moja. Kusoma kile kilichomo mkononi mwako, ndilo jambo la pili, na hilo wasomi wengi hawajalihitimu. Pakiti ya hamira, chupa ya dawa ya mimea, karatasi ya dawa ya mtoto kutoka zahanati: vyote vina maneno nyuma. Visomeni kabla hamjavitumia.

Tangu siku ile yule mzee aliweka daftari jikoni. Kila alipotengeneza bia aliandika mistari mitano: tarehe, jina la hamira, alama ya mwanzo, alama ya mwisho aitazamiayo, alama ya mwisho aliyoipata. Mistari miwili ya mwisho isipolingana, hakufunga chupa. Na viatu vya mjukuu vikahamishiwa karibu na mlango wa mbele, vikabaki huko.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini twasema kwamba hamira ndiyo itengenezayo bia?
2. Taja mambo matatu ambayo mtu yampasa kuyajua juu ya hamira kabla ya kuichagua.
3. Bia ilianza na alama 50, ikakoma kwenye 15. Alama ngapi zimeliwa? Ni ngapi katika 100?
4. Alama haikubadilika kwa siku tatu. Je, hilo latosha kujua kwamba hamira imemaliza? Toa sababu.
5. Kila mmoja wenu na alete kesho pakiti moja au chupa moja kutoka nyumbani, aisome mbele ya darasa maneno yaliyoandikwa nyuma yake.

MANENO YA KUJIFUNZA KUANDIKA

hamira, kimea, shayiri, sukari, kileo, hadubini, kipimajoto, daftari.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya maziwa mgando na viumbe wayagandishao. Kwa herini, na darasa liendelee na maswali.